OILI YA DIFU: SOMO LA CHINI YA LORI

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, insha za siku isiyosahaulika na uchambuzi wa riwaya. Mambo hayo ni matamu na siyapingi hata kidogo. Hata hivyo, mwaka huu nimeomba nafasi niandike kuhusu kitu kizito, cheusi, kilichojificha chini ya lori, ambacho wengi wetu hukipita kila siku pale stejini bila kukitupia jicho. Kitu chenyewe ni difu. Nitaeleza jinsi ya kubadilisha oili yake nyumbani, uani, bila gereji na bila lile shimo la kuingilia chini ya gari. Mwanachama mmoja aliposikia alicheka akaniuliza, "Sasa hiyo ni Kiswahili ama ni ufundi?" Nami namjibu hapa: ni yote mawili.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lina uzito. Mjomba wangu ana lori la Isuzu la tani nne, kuukuu lakini lenye bidii, linalobeba viazi kutoka Kinangop hadi Nairobi. Karo yangu na ya binamu zangu wawili hutoka juu ya lori hilo. Jirani yetu naye alikuwa na la kwake. Difu yake ililia wiki tatu, kila mtu kijijini akiisikia ikipita, naye akawa anasema, "Nikimaliza mavuno nitaiangalia." Mavuno hayakuisha. Siku moja, katikati ya kilima, difu ilisaga meno yake yenyewe, na lori likakaa juu ya magogo kwa miezi mitatu. Watoto wake walirudi nyumbani muhula huo. Oili ambayo ingeiokoa difu ile ni ya bei ya safari moja ya viazi, pengine chini ya hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ulikuwa ukuta hasa.

Difu ni nini?

Injini huzungusha giaboksi, giaboksi huzungusha propela shafti, yaani ule mtaimbo mrefu unaouona ukizunguka chini ya lori. Mtaimbo huo umelala kutoka mbele kwenda nyuma, ilhali ekseli ya magurudumu imelala kutoka kushoto kwenda kulia. Basi lazima pawepo mahali ambapo nguvu inapindishwa. Hapo ndipo penye difu: lile bonge la chuma, mithili ya boga kubwa, katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia ndogo iitwayo pinioni, ambayo imeshikamana na propela shafti, nayo huzungusha gia kubwa kama sinia iitwayo krauni. Mathalani krauni ikiwa na meno 41 na pinioni meno 6, pinioni itazunguka mara 6.83 ndipo krauni izunguke mara moja. Mwendo unapunguzwa, nguvu inaongezwa. Ndiyo sababu lori lililosheheni magunia huweza kukwea mlima kwa injini ambayo si kubwa kiasi hicho.

Kazi ya pili ndiyo iliyokipa kifaa hiki jina lake, maana "difu" limekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya tofauti. Tofauti gani? Msomaji mpenzi, chukua lori ambalo magurudumu yake ya nyuma yameachana kwa mita 1.6. Likizunguka duara kamili, gurudumu la nje hutembea mita 10 hivi zaidi ya lile la ndani. Piga hesabu mwenyewe: 2 mara 3.14 mara 1.6. Kwenye kona ya kawaida, yaani robo duara, tofauti ni mita 2.5. Lau magurudumu yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja kisichogawanyika, moja lingeburutwa kila kona, tairi lingelika upesi na vyuma vingekatika. Mfaransa Onésiphore Pecqueur ndiye aliyepata hataza ya difu kwa gari la mvuke mwaka wa 1828. Baadaye, mwaka wa 1877, Mwingereza James Starley aliitia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Kwa hivyo kifaa hiki ni kikongwe kuliko injini ya petroli.

Ndani ya krauni, basi, mna vigia vidogo vinavyoyaachia magurudumu mawili yapishane. Kanuni yake ni nyepesi: jumlisha mizunguko ya magurudumu mawili, gawanya kwa mbili, utapata mizunguko ya krauni. Gurudumu moja likisimama kabisa, jingine huzunguka mara mbili ya krauni. Ndiyo maana lori likinasa kwenye tope la Kinangop, unaona tairi moja linazunguka kama pia na kurusha matope, huku mwenzake ametulia tuli kama mgeni asiyejua wenyeji wanagombania nini. Kanuni hii iweke akilini. Nitairudia tukifika kwenye mambo ya jeki, na huko si mzaha.

Oili gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Pinioni ya malori mengi haikuelekezwa katikati ya krauni bali imeshushwa chini kidogo. Gia za mtindo huu zilianzishwa na kampuni ya Gleason ya Rochester, Marekani, katika miaka ya 1920, na zinapendwa kwa kuwa zina nguvu na hazina kelele. Lakini zina tabia moja: meno yake hayabingirishani tu, yanasuguana kwa kuteleza huku yakikandamizana kwa nguvu ajabu. Mgandamizo huo huikamua oili ya kawaida ikatoka kati ya meno kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa. Chuma kikabaki kinasugua chuma.

Kwa sababu hiyo oili ya difu hutiwa dawa za salfa na fosforasi. Meno yakipata joto kali, dawa hizo huungana na uso wa chuma na kufanya utando mwembamba sana, na utando huo ndio unaosuguliwa badala ya chuma. Harufu ya oili ya difu, ile inayokaribia yai viza, ni ya hizo salfa. Juu ya mkebe utaona herufi EP, yaani imeundwa kustahimili mgandamizo mkubwa, au utaona GL-5. Difu nyingi za aina hii hutaka GL-5. Giaboksi nyingi, kwa upande mwingine, hutaka GL-4, kwa sababu ndani yake mna vipande vya shaba ambavyo dawa kali za GL-5 zinaweza kuvila. Kwa hivyo mtu anayekwambia "oili ya gia ni oili ya gia, weka tu" mwambie asante kisha usome kitabu cha gari.

Kuna na uzito. Kwenye mkebe utakuta nambari kama 90, 80W-90 au 85W-140. Nilimsikia dereva mmoja akibishana eti oili namba 90 ni nzito mara mbili ya oili ya injini namba 40. La hasha! Vipimo viwili hivyo ni tofauti, kama vile maksi 60 za mtihani na dakika 60 za saa. Oili ya gia namba 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini namba 40 au 50. Ila usije ukasema, "Basi kumbe naweza kutia oili ya injini." Uzito ni jambo moja na zile dawa za salfa ni jambo jingine. Difu zile ambazo hupunguza mteleze wa gurudumu moja huhitaji oili yenye dawa yake maalumu, lakini malori ya viazi aghalabu hayana mambo hayo.

Kabla ya kuingia chini

Tulifanya kazi hii likizo ya Agosti, mjomba, fundi wake na mimi. Fundi huyu ni mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, na akiyasema hayarudii. Jambo la kwanza alilouliza halikuwa spana. Aliuliza, "Lori liko sawa?" Maana yake, limesimama pahali pa tambarare? Oili ya difu hupimwa kwa tundu la ubavuni: inajazwa mpaka ifike kwenye ukingo wa tundu hilo. Lori likiwa limeinama mbele, nyuma au ubavu, tundu litakudanganya. Utajaza kidogo ukidhani umejaza, au utazidisha.

Nikamwuliza kama nilete jeki. Akanitazama.

"Ya nini?"

"Tuinue nyuma tupate nafasi, Fundi."

"Lori hili liko juu. Wewe kijana mwembamba hivyo unataka nafasi ya nini tena?"

Kisha akanieleza, na hili msomaji ulishike kwa mikono miwili. Kwenye malori mengi madogo, na kwenye Land Rover nyingi za zamani, hendibreki haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, pale nyuma ya giaboksi. Magurudumu yote ya nyuma yakiwa chini, hakuna neno, lori limetulia. Lakini inua upande mmoja wa nyuma kwa jeki, kisha uikumbuke ile kanuni ya wastani. Propela shafti imefungwa, kwa hiyo krauni haizunguki. Je, magurudumu nayo hayazunguki? Yanaweza! Moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma, wastani wake ni sufuri, na krauni haijasogea hata jino moja. Lile lililoinuliwa liko hewani, halina cha kulizuia, kwa hiyo lile lililo chini liko huru kubingirika. Lori lenye hendibreki iliyovutwa barabara, tena lenye gia ndani, linaweza kuteremka kutoka kwenye jeki likamlalia aliye chini yake. Difu ileile inayotupitisha kona ndiyo inayofanya hivyo. Watu wamekufa kwa njia hii wakiamini hendibreki.

Kwa hivyo tuliliacha lori juu ya magurudumu yake yote. Tulivuta hendibreki, tukaweka vigingi vya mbao ngumu mbele na nyuma ya magurudumu, na mjomba akautia mfukoni ufunguo wa gari ili asitokee mwerevu wa kuliwasha. Kama gari lako ni fupi na huna budi kuliinua, liinue lote likae sawa, ulipandishe juu ya stendi za chuma, uwekee vigingi magurudumu yoyote yanayobaki chini. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Na matofali ya kujengea usiyajaribu. Hupasuka ghafla bila kutoa hodi.

Jambo jingine: lori liwe limetoka mwendo mfupi, kilomita tano au kumi hivi. Oili ikiwa vuguvugu hushuka upesi na kubeba uchafu uliotulia chini. Lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Fundi aliligusa boga la difu kwa kiganja, akakiacha hapo akihesabu kimoyomoyo, kisha akasema sasa.

Nati ya juu kwanza

Difu ina nati mbili za oili. Moja iko chini kabisa, ya kumwagia. Nyingine iko ubavuni juu zaidi, ya kujazia. Mkono wa mtu yeyote mwenye haraka huenda kwenye ile ya chini. Mjomba tayari alikuwa ameishikisha spana.

"Achana na hiyo," fundi akasema. "Fungua ya juu kwanza."

"Si tutaifungua baadaye, Fundi?"

"Na ikikataa?"

Mjomba akanyamaza. Hapo ndipo nilipofahamu. Nati ya kujazia inaweza kuwa imekwama kwa kutu, au pembe zake zimeliwa na spana mbovu. Ukimwaga oili yote kisha ugundue tundu la kujazia halifunguki, una lori lisilo na tone la oili na huna pa kuitilia. Huwezi hata kulipeleka gereji. Nati ya juu ikilegea ndipo unapokuwa na ruhusa ya kugusa ya chini.

Tumia spana ya ringi inayokaa sawasawa, au soketi. Plaisi na spana ya kurekebisha huvila vichwa vya nati. Gari nyingine hazina kichwa cha pembe sita bali zina shimo la mraba, nazo hutaka kipande cha chuma cha mraba kinachoingia bila kucheza. Safisha kwanza pande zote kwa brashi ya waya na kitambaa, kwa sababu vumbi lililoganda hapo litaingia ndani ukifungua. Ikikataa, tia mafuta mepesi ya kulegezea kutu, ungoje, kisha ugonge kichwa chake kwa nyundo kidogo. Ya kwetu ilikubali baada ya fundi kuongeza bomba juu ya mpini wa spana.

Kisha karai likawekwa chini na nati ya kumwagia ikafunguliwa. Ukifika mizunguko ya mwisho, isukume nati ndani huku ukiizungusha, halafu uivute upesi ujitoe kando. Oili hutoka kwa kishindo mwanzoni na hairuki pale unapoitarajia. Kaa ubavuni, si chini yake.

Kuisoma oili

Sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Fundi hakuishughulikia nati mpya wala washa. Alichuchumaa mbele ya karai akaitazama oili kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

Oili nyeusi iliyozeeka ni ya kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yanaingiaje? Lori linapotembea, difu hupata joto na hewa iliyo ndani hutanuka. Likiingia mtoni au kwenye barabara iliyofurika, difu hupozwa ghafla, hewa ile hunywea, na difu ikavuta pumzi kama mtu aliyezama. Isipopata hewa huvuta maji, kupitia kwenye sili au kitundu cha kupumulia. Oili yenye maji haingoji kilomita zake. Ibadilishe siku hiyohiyo, kwa maana maji huleta kutu kwenye beringi.

Halafu tazama nati. Nati nyingi za kumwagia zina sumaku. Ukiikuta imevaa unga laini wa kijivu, kama matope ya kufinyangia, usishtuke. Huo ni uchakavu wa kila siku; ufute kwa kitambaa. Ukikuta vijipande vinavyong'aa vyenye makali, unaoweza kuvishika kwa kucha, kuna beringi au jino linalokufa. Ukikuta kipande chenye umbo la jino, hapo hakuna la kubahatisha, difu ifunguliwe. Ya mjomba ilikuwa na unga tu. Nilimwona akishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi.

Nitie neno kuhusu wauzaji wa magari yaliyotumika. Upo ujanja wa zamani wa kutia vumbi la msumeno ndani ya difu au giaboksi inayolia. Makelele hupungua kwa siku chache, mnunuzi hulipa, na baada ya safari mbili tatu nyimbo huanza upya. Anayenunua lori na amwage oili kidogo ya difu aione kabla hajatoa pesa. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Kitundu cha kupumulia

Juu ya ekseli kuna kifuniko kidogo cha chuma, pengine kimefungiwa mpira mwembamba, ambacho watu wengi hawajui kipo. Ni pua ya difu. Hewa ya ndani ikitanuka hutokea hapo. Matope yakikiziba, hewa hutafuta njia nyingine, nayo husukuma oili ipenye kwenye sili za pembeni, zile zilizo karibu na magurudumu. Na ni nini kilicho karibu na magurudumu? Dramu za breki. Oili ikilowesha lainingi, breki hazishiki. Sasa mfikirie dereva mwenye tani nne za viazi akiteremka kuelekea Mai Mahiu, bonde liko upande mmoja, akikanyaga breki zilizokunywa oili. Kujaza oili kupita kiasi huleta balaa hilohilo. Kwa hivyo, anayesema "ongeza kidogo, zaidi si mbaya" hajui anachokiomba. Tulikitoa kifuniko, tukakiosha kwa dizeli, tukapuliza mpaka kikapitisha hewa, tukakirudisha. Ilichukua dakika tano.

Kujaza

Washa ya nati ya chini iwe mpya, ya shaba au ya alumini, kulingana na ilivyokuwa. Kaza kwa nguvu ya mkono wa kawaida. Fundi anadharau sana wale wanaorukia spana kwa miguu miwili, maana nati nyingine hazina washa bali ni nyembamba kuelekea ndani, na ukizikaza kupita kiasi zinaweza kupasua mwili wa difu.

Oili ya gia ni nzito kama asali, na tundu liko ubavuni, chini ya lori, ambapo mkebe haugeuziki. Mwenye pampu ya mkono amepona. Sisi tulitumia mpira mrefu na faneli: mjomba alisimama nje akaiinua faneli juu ya bodi ya lori, nami chini nikashika ncha ya mpira ndani ya tundu. Mkebe tulikuwa tumeuanika juani tangu saa tatu ili oili ilegee. Asubuhi ya Kinangop ni baridi, na wapo wanaopasha mkebe motoni. Usifanye hivyo. Jua linatosha, au beseni la maji ya moto.

Difu ya mjomba ilimeza lita nne na ushei. Lako litameza kiasi chake. Kitabu kitakwambia, na tundu litathibitisha. Oili ilipoanza kuchuruzika kwenye ukingo nilipaza sauti, "Mjomba, imefika!" Fundi akasema tungoje. Dakika kumi baadaye usawa ulikuwa umeshuka, kwa sababu oili huchukua muda kusambaa mpaka ndani ya mirija ya ekseli. Tukaongeza kidogo. Ndipo nati ya juu ikafungwa, kila kitu kikapanguswa kikauke, na mjomba akaliendesha lori hadi dukani na kurudi. Tulipochungulia tena hapakuwa na jasho popote. Akaandika tarehe na kilomita kwenye daftari lake. Yeye hubadilisha kila kilomita 20,000, na mapema zaidi akivuka maji.

Oili chafu je? Kwetu watu huipaka nguzo za ua ili mchwa wasile, wengine humpaka mbwa mwenye kupe. Mbwa yule hujilamba, na mvua huosha nguzo zile hadi kisimani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 haimruhusu mtu kuchafua ardhi na maji hivi hivi. Tuliimimina kwenye mtungi wenye kifuniko, na mjomba akaupeleka kwenye gereji moja mjini inayokusanya oili kuukuu. Nawe oga, osha mikono kwa sabuni, na zile nguo usizifue pamoja na sare za shule.

Kidogo kuhusu lugha

Tukiwa chini ya lori nilikuwa nikihesabu maneno. Difu hii, difu hizi. Nati hii, nati hizi. Vivyo hivyo pinioni, krauni, spana, jeki. Maneno haya ya kuazimwa yameingia ngeli ya I-ZI bila kubisha hodi. Gurudumu na lori, kwa upande wao, yako LI-YA. Mafundi husema "oili imemwagika," na mwalimu mkali angetaka "mafuta yamemwagika." Mimi naitetea oili. Mafuta ni ya taa, ya kupikia, ya kujipaka na ya gari lenyewe. Ukimtuma mtoto dukani akalete mafuta ya difu, Mungu ndiye ajuaye atakacholeta. Mwanachama mwingine alipendekeza tuiite difu "kitofautishi." Ni neno zuri. Nenda nalo gereji uone watakavyokuelekeza kwa daktari.

ZOEZI

(a) Lori ambalo magurudumu yake ya nyuma yameachana kwa mita 1.8 linageuka nusu duara. Gurudumu la nje litatembea mita ngapi zaidi ya la ndani? (b) Krauni ina meno 43 na pinioni 7. Pinioni itazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja? (c) Propela shafti imefungwa na gurudumu la kushoto linazungushwa mbele mara tatu. La kulia litafanya nini? (d) Andika vinyume vya vitenzi hivi: funga, ziba, kaza, jaza, inua. Ni vipi vinavyopata kinyume kwa kuongezewa kiambishi, na ni vipi vinavyotafuta neno jipya kabisa? Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa chama muhula ujao.